Chuma cha Liganga kitayeyushwa ndani ya nini?

Kizota, pembeni ya barabara ya kwenda Singida, saa sita mchana. Fundi amepiga goti kwenye mchanga mwekundu, kioo cheusi usoni, anaunga geti. Fimbo ya kuchomelea ikigusa chuma inanasa. Akiinyanyua sana, moto unakatika na moshi unabaki. Kati ya kunasa na kukatika kuna nafasi ya milimita chache tu, na humo ndimo unamowaka ule mwanga mweupe ambao tangu utotoni tumekatazwa kuutazama. Kila anapoanza, taa ya duka la jirani inafifia, kisha inarudi. Mwenye duka ameshazoea, hata hainui macho.

"Fimbo inaliwa, kaka," fundi ananiambia akivua kioo. "Kwa hiyo mkono lazima uifuate. Ukisahau kwamba inaliwa, kazi imeharibika."

Nilikuwa nimepeleka kiti cha chuma kilichovunjika mguu, lakini kichwani nilikuwa na Liganga. Bunge linapokaa hapa Dodoma kwa vikao vya bajeti, jina hilo halikosi kurudi: wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe, mawe ya chuma yanayokadiriwa kufikia tani milioni 126, na si mbali na hapo makaa ya mawe ya Mchuchuma. Mwaka 2011 Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC, lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ili miradi hiyo miwili iendelezwe pamoja. Tangu hapo tumejadili fidia za wananchi, barabara, umeme na masharti ya mikataba, na yote hayo yalistahili kujadiliwa. Swali ambalo sijalisikia likipewa muda wake ni hili la jikoni: chuma hicho kitayeyushwa ndani ya nini?

Chuma cha pua huwa tayari kumiminwa kikifika karibu nyuzi 1,600 za Selsiasi. Moto wa kukifikisha hapo unapatikana. Kazi ngumu ni kupata chombo kitakachoubeba moto huo bila chenyewe kugeuka uji, na kupata kitu cha kuuingizia umeme ndani yake bila kuyeyuka. Kile cha kwanza ni ukuta wa ndani wa tanuru. Mafundi cherehani wana neno lake zuri, bitana, nami nitalitumia. Cha pili ni elektrodi, dada mkubwa wa fimbo ya yule fundi wa Kizota.

Chukua fimbo ile, inenepeshe hadi ifike unene wa mti wa mbuyu mchanga, sentimita 60 au zaidi, kisha ning'iniza tatu kama hizo juu ya beseni lililojaa vyuma chakavu. Hilo ndilo tanuru la tao la umeme. Mfaransa Paul Héroult alitengeneza chuma cha pua kwa njia hiyo huko La Praz, kwenye milima ya Alps, mwaka 1900. Umeme unashuka kwenye elektrodi moja, unaruka hewani kama tao hadi kwenye chuma, unapanda kwa nyingine. Mkono wa fundi umechukuliwa na mitambo inayopandisha na kushusha elektrodi muda wote, ikitafuta ile nafasi kati ya kunasa na kukatika. Na taa zinafifia vilevile, ila safari hii ni za mji mzima, kama gridi ni dhaifu na mitambo ya kutuliza msukosuko huo haijawekwa.

Elektrodi hizo ni za kaboni iliyogeuzwa kinywe (grafaiti). Kinywe kina sifa moja ya ajabu: kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa hakiyeyuki kamwe. Kikifika karibu nyuzi 3,600 kinapita moja kwa moja kuwa mvuke. Ndiyo maana ncha ya elektrodi inaweza kukaa mdomoni mwa tao, mahali ambapo hakuna chuma ambacho kingevumilia, ikapungua taratibu kwa kugeuka mvuke. Ubavu wake nao una adui mwingine, hewa. Ukiwa mwekundu kwa joto, oksijeni huula, na elektrodi iliyoingia nene kama nguzo hushuka ikichongoka kama penseli. Viwanda vingi huinyunyizia maji kutoka juu ili kupunguza hasara hiyo. Ikipungua, kipande kipya hufungwa juu kwa skrubu nene ya kinywe hichohicho, na mfanyakazi mzoefu atapuliza vumbi kwenye meno ya skrubu mara mbili kabla ya kukaza. Chembe ya mchanga ikibaki humo, umeme hupita kwa shida, kiungo hupata joto kuliko sehemu nyingine, na nguzo nzima inaweza kukatikia ndani ya tanuru.

Inakatika pia kwa sababu ya zege. Wale vijana wanaopita mitaani kwetu Chang'ombe na Majengo na mizani zao wakinunua vyuma chakavu wanajua kwamba nondo za jengo lililobomolewa huja na madonge ya zege. Zege halipitishi umeme. Elektrodi ikishuka juu ya donge, mtambo hauoni umeme wowote, hivyo unaendelea kuishusha, na kaboni, ambayo ni ngumu lakini haipindi, inavunjika kama chaki. Mtu aliyepanga vyuma chakavu vizuri kabla ya kupakia ameokoa fedha nyingi sana.

Hapa niseme jambo ambalo wengi wetu, mimi nikiwemo, tumelichukua vibaya. Tanzania ina kinywe kingi na kizuri: Ruangwa mkoani Lindi, Mahenge mkoani Morogoro, na hata Mererani, ambako tanzanaiti yenyewe hulala ndani ya miamba ya kinywe, na wachimbaji hutoka shimoni weusi wanang'aa kama waliopakwa grisi. Tukisikia tanuru la umeme linakula elektrodi za kinywe, tunadhani soko limetufuata nyumbani. Sivyo. Elektrodi za viwanda vya chuma hutengenezwa kutokana na koki maalumu ya mafuta ya petroli au ya lami ya makaa ya mawe. Koki hiyo hukandwa na lami, ikaokwa, kisha ikapashwa hadi karibu nyuzi 3,000 mpaka ikageuka kinywe cha kiwandani. Njia hiyo tunamshukuru Mmarekani Edward Acheson, aliyeikuta miaka ya 1890 alipokuwa akichoma kupita kiasi mawe yake ya kunolea. Wanaoiweza ni nchi chache. Mwaka 2017, China ilipofunga viwanda vilivyochafua hewa wakati mahitaji yakipanda, bei ya elektrodi iliruka mara kadhaa ndani ya miezi michache, na wenye matanuru duniani kote walihangaika.

Kinywe chetu cha ardhini kina mahali pake, tena pa heshima. Pako kwenye bitana.

Bitana ya tanuru la kisasa la tao, hasa kwenye mstari ambao mavi ya chuma huelea (ndivyo wahunzi walivyoyaita mabaki yale yanayoelea juu ya chuma kilichoyeyuka, na sioni sababu ya kutafuta neno jingine), hujengwa kwa matofali ya magnesia na kinywe. Magnesia hupatikana kwa kuchoma jiwe la magnesaiti, na haiyeyuki hadi karibu nyuzi 2,800. Lakini ikiwa peke yake hupasuka inapopata joto la ghafla, na mavi ya chuma hupenya kwenye vitundu vyake. Ukiichanganya na magamba ya kinywe cha asili, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 20, mambo mawili hutokea. Kinywe husambaza joto haraka, hivyo tofali halipasuki. Na mavi ya chuma hayashiki juu ya kinywe, hujikusanya na kuteleza, kama matone ya maji juu ya jani la gimbi. Magamba makubwa yana thamani zaidi, na kinywe cha Mahenge kinasifika hasa kwa ukubwa wa magamba.

Na magnesaiti? Ipo Chambogo, wilaya ya Same. Kaolini, udongo mweupe unaofaa matofali ya joto la wastani, iko Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Sisemi kwamba kesho tufungue kiwanda. Nasema kwamba vitu viwili vinavyokutana ndani ya tofali moja la tanuru vimelala ndani ya mipaka ya nchi moja, na sijawahi kuona vikiandikwa kwenye ukurasa mmoja na Liganga.

Kama bado unaona bitana ni suala la mafundi waashi, kumbuka habari za Sidney Gilchrist Thomas. Alikuwa karani wa mahakama ya polisi jijini London, akisoma kemia usiku. Enzi hizo chuma chingi cha Ulaya kilikuwa na fosforasi, ambayo hufanya chuma kikatike badala ya kupinda, na matanuru ya Bessemer hayakuweza kuitoa. Wakubwa wa viwanda walihangaika na moto na hewa. Thomas alihangaika na ukuta. Aliona kwamba matofali ya wakati ule, yaliyotokana na mchanga wa silika, yalikuwa na asili ya tindikali, hivyo chokaa ambayo ingeweza kuinasa fosforasi haikuweza kutumika, maana ingeula ukuta. Akabadilisha bitana, akaweka ya dolomaiti. Mwaka 1878, pamoja na binamu yake Percy Gilchrist aliyekuwa mkemia huko Blaenavon, Wales, alikuwa ameonyesha kwamba inawezekana. Madini ya chuma ya nusu ya Ulaya, yaliyodharauliwa, yakapata thamani. Mavi yake yenye fosforasi yakauzwa kwa wakulima kuwa mbolea.

Jambo hilo liko mitaani kwetu leo. Viwanda vyetu vingi vya nondo huyeyusha vyuma chakavu kwa matanuru ya induksheni, ambayo mara nyingi bitana yake ni ya mchanga wa silika uliopondwa na kushindiliwa. Ni matanuru mazuri, ya gharama nafuu, lakini kwa bitana hiyo fosforasi iliyoingia na vyuma chakavu ndiyo itakayotoka na nondo. Hivyo ubora wa nguzo ya ghorofa linalojengwa pale Mtumba unaanzia kwenye uteuzi wa vyuma chakavu. Ningependa kila mkandarasi alijue hilo.

Sasa turudi Liganga, maana jiwe lake lina tabia yake. Pamoja na chuma limebeba vanadiamu, ambayo ni mali, na titaniamu, zaidi ya asilimia 10 ikihesabiwa kama oksaidi. Titaniamu hiyo ndiyo mtihani. Ndani ya tanuru refu la koki, lile la kupulizwa hewa ya moto kutoka chini, kaboni ni nyingi mno na huwezi kuipima. Titaniamu ikikutana nayo, na naitrojeni ya hewa, hutengeneza chembe ngumu zisizoyeyuka. Mavi ya chuma yanakaza kama ugali uliozidishiwa unga, hayamiminiki tena. Wachina wa Panzhihua, katika jimbo hilohilo la Sichuan, wamejifunza kuishi na tatizo hili tangu 1970, kwa ustadi ambao nauheshimu, lakini titaniamu nyingi huishia kwenye mavi ambayo kuichomoa humo ni kazi na gharama.

Njia nyingine ilifuatwa na Highveld, kiwanda kilichoanza 1968 huko Witbank, Afrika Kusini, na New Zealand Steel huko Glenbrook wanaifuata hadi leo kwa mchanga mweusi wa pwani yao. Jiwe hupikwa kwanza na makaa ya mawe ndani ya pipa refu linalozunguka, kisha humaliziwa kwenye tanuru la umeme. Kwa kuwa joto linatoka kwenye umeme, kaboni hutiwa kwa kipimo, kama chumvi, na titaniamu inaachwa ilivyo ipite kwa utulivu na mavi. Highveld ilizima matanuru yake 2015 biashara ilipokuwa ngumu. Alama za njia hiyo hata hivyo zimebaki kwa atakayetaka kuzifuata, na kwa nchi ambayo bwawa la Julius Nyerere limeipa mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, mimi naiona ni njia ya kuangaliwa kwa makini kuliko zote.

Majirani zetu wanalijua tanuru la umeme. Mufulira, Zambia, iliwasha tanuru la umeme kwa ajili ya shaba mwaka 1971. Likasi, kule Katanga ambako Kiswahili ndicho lugha ya mgodi na ya soko, matanuru ya umeme ya Panda yaliyeyusha kobalti na shaba kwa miongo mingi. Na mwaka 2001 Chambishi, Zambia, walianza kuyarudisha jikoni mavi ya zamani ya Nkana ili kukamua kobalti iliyobaki, kwa tanuru la megawati 40 lenye elektrodi moja tu. Mavi yale yalikuwa makali kiasi kwamba ukuta ulilazimika kulindwa kwa vipooza vya shaba vinavyopitisha maji.

Hapo ndipo linapokuja jambo lililonishangaza kuliko yote. Kuna mavi yenye titaniamu nyingi ambayo hakuna tofali linaloyaweza. Huko Richards Bay, Afrika Kusini, wanapoyeyusha mchanga wa ilmenaiti, wanakubali kwamba ukuta peke yake utashindwa. Wanaupooza kwa nje mpaka mavi yaliyo karibu nao yagande, na ganda hilo ndilo linalokuwa bitana. Mavi yanazuiwa na mavi. Kila aliyewahi kusonga ugali anakifahamu kitu hicho: ukoko. Moto ukizidi ukoko unapungua, ukipungua ukoko unanenepa, na kazi ya mwendeshaji wa tanuru usiku kucha ni kulinda unene wa ukoko ambao hauoni, akisoma vipimajoto vilivyopandwa ndani ya ukuta.

Wazee wa nchi hii wangemwelewa. Mwaka 1976 wazee wa Buhaya, karibu na ghuba ya Kemondo, walijenga upya tanuru la chuma kwa kumbukumbu zao mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery. Shimo walilipaka udongo wa kichuguu. Kuta walizijenga kwa udongo na vipande vya mavi ya chuma ya zamani, kitu ambacho kilishapita motoni na kumaliza hasira zake. Mirija ya udongo ya kupulizia hewa waliiingiza ndani sana ya tanuru, ikawa inaliwa polepole na moto huku ikipasha joto hewa iliyokuwa inapita. Ilikuwa inaliwa, nao walijua kwamba inaliwa.

Huku kwetu nyanda za kati, ukipita vilima vya Irangi, Kondoa, hasa maeneo ya Haubi, mvua ikishakata ardhi unaweza kukuta vipande vyeusi vizito na mabaki ya mirija ya namna hiyo. Kiokote kimoja. Upande mmoja ni udongo mwekundu uliochomwa, bado una alama za nyuzi za majani yaliyochanganywa ili usipasuke. Upande mwingine umegeuka kioo cheusi chenye rangi ya kijani kwa mbali, na tone moja limegandia ukingoni, limesimama pale lilipokuwa linakwenda kudondoka. Huo ni mstari kati ya bitana na moto, katika unene wa kidole gumba. Mhandisi wa leo akikata tofali lililotoka tanuruni hutafuta mstari huohuo.

Na si lazima twende mbali kutafuta watu wa kuanza nao. Taasisi ya jiolojia ya nchi hii, iliyoanzishwa 1925, enzi za Tanganyika ya Waingereza, ina makao yake hapa Dodoma, na leo ndiyo GST. Upimaji wa dhahabu kwa moto, kazi ya maabara za jiolojia, ni sayansi ya vyombo kuanzia mwanzo hadi mwisho: sampuli hutiwa kwenye chungu cha udongo pamoja na oksaidi ya risasi, magadi, boraksi na unga wa ngano kidogo, unga huo ukiwa ndio kaboni ya kugeuza oksaidi kuwa risasi. Risasi inashuka na dhahabu, kisha huwekwa kwenye kikombe kidogo cha magnesia au cha majivu ya mifupa, ambacho chenyewe huinywa risasi na kuiacha dhahabu imekaa juu kama punje ya mtama. Watu wanaoishi na vyombo vya namna hiyo ndio ningependa waulizwe: magnesaiti ya Chambogo ina silika kiasi gani? Ikichanganywa na magamba ya Mahenge na kuchomwa, tofali lake litasimama saa ngapi mbele ya mavi ya Liganga? Jaribio kama hilo linahitaji tanuru dogo la maabara, kilo chache za jiwe na subira. Lingefanyika kabla hatujakaa tena mezani na mwekezaji yeyote, tungejua tunachonunua.

Nilirudi Kizota jioni kuchukua kiti changu. Nikamweleza fundi kuhusu elektrodi ya aina nyingine, iliyobuniwa Norway na Carl Wilhelm Søderberg mwanzoni mwa karne iliyopita, ambayo ndiyo hutumika kwenye matanuru mengi makubwa ya kuyeyushia mawe. Hainunuliwi ikiwa imeokwa. Ni ganda la bati nene, la mviringo, linalojazwa uji mzito wa lami na kaboni. Linashuka taratibu kuelekea motoni, na joto la tanuru lenyewe linauoka uji ule ukawa jiwe kabla haujafika kwenye tao. Kwa kuwa linaliwa chini, juu huongezwa ganda jingine na kuchomelewa, tanuru likiwa linaendelea kufanya kazi.

Fundi aliacha nyundo.

"Anachomelea nani?"

"Fundi kama wewe. Anasimama juu kabisa, kwenye sakafu iliyotengwa na umeme."

"Na akiunga vibaya?"

Nikamwambia kwamba ganda likipasuka kabla uji haujaiva, uji unamwagika ndani ya tanuru, moshi na moto vinapanda juu, na kazi inasimama siku nyingi. Alinyamaza kidogo, akainama, akagonga ganda jeusi lililofunika mshono wa kiti changu. Likaruka vipande, chini yake mshono ukang'aa, una mawimbi madogo yaliyopangana sawasawa. Akaupitishia kidole. Pembeni palikuwa na sehemu fupi, kama urefu wa ukucha, ambayo mimi nisingeiona.

"Hapa sijapapenda," akasema, akashusha kioo, na taa ya dukani ikafifia.